Ukubwa wa vikosi kwenye Rome: Total War – miji yangu imedumaa, ya jamaa wa Arusha inapaa. Kwa nini?

#1 Mangi wa Rau
Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linanikosesha raha. Mimi niko Moshi, rafiki yangu yuko Arusha, Sakina. Wote tunacheza Rome: Total War ile ya 2004, wote tumeanza na Julii (moja ya familia za Kirumi kwenye gemu), ugumu uleule, na kodi tunaenda sambamba maana tunapigiana simu karibu kila jioni. Arretium yake, mji wa kuanzia, imeshavuka watu 6,000 na anajenga vitu ambavyo mimi naviona kwenye picha tu. Yangu inasuasua kwenye elfu mbili na ushee. Ariminum ndiyo usiseme.

Tofauti tuliyoiona ni moja: ukubwa wa vikosi. Laptopu yake ni ya zamani, kwa hiyo ameshusha, hastati wake (askari wa miguu wa Kirumi) ni 40 kwa kikosi. Mimi nimeweka juu kabisa, hastati 160. Sasa hiyo setingi imekaa kwenye menyu pamoja na mambo ya picha, vivuli na majani. Inahusianaje na mji kukua? Au tunatafuta mchawi mahali ambapo hayupo?

#2 Chalii wa Sakina
Rafiki mwenyewe ndiye mimi. Hakuna cha setingi wala nini. Huyu Mangi majenerali wake wote wako vitani Galia, mji unabaki bila gavana. Mimi Arretium nina gavana mwenye akili ya kilimo, na mashamba nilijenga mapema. Gemu ni kupanga, aisee.

#3 Fundi wa Kaloleni
Chalii, gavana anachangia, ila jibu la swali liko kwingine. Kwenye Rome ya kwanza askari hatoki hewani. Ukiandikisha kikosi, idadi ya watu wa kikosi hicho inakatwa kwenye wakazi wa mji. Hastati 160 ni raia 160 waliotoka Arretium.

Piga hesabu. Mji wa watu 2,000 unaokua kwa asilimia 3 kwa zamu unaongeza watu 60. Mangi akitoa kikosi kimoja kila zamu, mji unapoteza 160 na kupata 60: anarudi nyuma kwa 100. Chalii akitoa kikosi kilekile, anapoteza 40 na kupata 60: anasonga mbele kwa 20. Zamu zikipita nyingi hamko kwenye gemu moja tena. Na kwa kuwa ukuaji ni asilimia, mwenye watu wengi anazidi kuongeza wengi. Mji mdogo ukishakamuliwa mwanzoni unachelewa muda mrefu.

Pesa nayo iangalieni: bei ya kikosi haipandi kwa kuwa watu wameongezeka. Dinari zilezile zinanunua watu 40 au 160. Kwa hiyo kwenye ukubwa wa juu mtu ni adimu na pesa ni nyepesi. Kwenye ukubwa wa chini ni kinyume chake.

#4 Dogo Pasua
Duh. Kwa hiyo Total War zote ziko hivyo? Mimi nina Medieval II kwa kaka, nimeweka juu kabisa na miji inapanda vizuri tu.

#5 Dada Mishale
> Dogo Pasua: Kwa hiyo Total War zote ziko hivyo?

Hapana mdogo wangu. Medieval II ya 2006 haikati raia. Kule kila aina ya askari ina akiba yake inayojijaza polepole, ikiisha unasubiri. Akiba inahesabiwa kwa vikosi, kwa hiyo watu 60 au 150 ndani ya kikosi hakuna tofauti kwa mji. Zilizofuata, kama Shogun 2 na Rome II, vikosi vinajijazia vyenyewe kwa kiwango fulani kila zamu. Hii ya kukata raia ni tabia ya Rome ya kwanza.

Ndiyo maana mtu akitoka Medieval II kwenda Rome na setingi zake zilezile anashangaa miji imekauka.

#6 Mangi wa Rau
Shukrani Fundi, hesabu nimeielewa. Lakini mbona kuna zamu kibao siandikishi mtu na bado ukuaji ni asilimia 1 au sifuri? Hiyo si hesabu ya askari.

#7 Fundi wa Kaloleni
Hapo mtafute Chalii na mashamba yake. Uchafu wa mji nao unakata ukuaji, na kodi ya juu inakata. Halafu hukusema kama unajaza vikosi vilivyopungua. Ukirudisha hastati waliobaki 50 ili wawe 160 tena, wale 110 wanatoka kwenye mji uleule. Watu wengi hawahesabu hiyo kama kuandikisha.

#8 Mzee wa Kiboriloni
Vijana mnaongea upande mmoja tu wa shilingi.

Ukubwa wa juu una faida ambayo hamjaitaja: utulivu wa mji. Kwenye Rome ya kwanza, walinzi wanatuliza mji kwa kulinganisha idadi ya askari na idadi ya wakazi. Kikosi kimoja cha wakulima kwenye ukubwa wa juu ni watu 240. Kwa gharama ya kikosi kimoja umetuliza mji ambao Chalii anahitaji vikosi vinne. Vinne hivyo vyote vinakula mshahara. Mimi nateka miji ya mbali, Carthage na huko Asia, natupa wakulima wawili watatu, naondoka na jeshi langu. Mwenye vikosi vidogo anakwama kulinda alichoteka.

Halafu kuna la pili, Mangi lishike. Mji mkubwa uliojaa na uchafu, andikisha wakulima kila zamu, wapeleke kwenye mji mdogo, uwavunje hapo. Wanahesabiwa kuwa wakazi wapya. Kwenye ukubwa wa juu unahamisha watu 240 kwa kikosi. Arretium yako unaweza kuifikisha 6,000 kwa miguu ya watu kutoka miji uliyoteka. Kwa vikosi vya watu 60 kazi hiyo hailipi.

Kwa hiyo kusema ukubwa wa juu unadumaza miji, mimi sikubali. Unadumaza mji wa mtu asiyejua kuhamisha watu.

#9 Chalii wa Sakina
Mzee umeua. Ila hao wakulima 240 nao wametoka kwenye mji fulani, si ndiyo? Na mji hauwezi kuandikisha ukibaki chini ya watu 400. Mwanzo wa gemu, una miji miwili tu, unamhamisha nani kutoka wapi?

#10 Mzee wa Kiboriloni
Mwanzo unateka watumwa, kijana. Ukiuteka mji chagua utumwa, sehemu ya watu inagawiwa kwenye miji yako yenye magavana. Hapo gavana wako anakuja kufanya kazi kweli.

#11 Meku wa Kibosho
Mimi naona mnabaki kwenye ramani kubwa wakati tofauti yenyewe iko uwanjani. Nimecheza ukubwa wote. Ukiweka juu kabisa wapiga upinde wanakuwa hatari kupita kiasi. Mishale 160 kwa mpigo, adui anayeyuka. Kwenye ndogo wapiga upinde ni pambo.

#12 Dada Mishale
Kaka Meku, na jina langu hili lazima nijibu.

Fikiria hivi. Wapiga upinde wako wameongezeka mara nne, lakini na adui unayempiga ameongezeka mara nne. Mishale mara nne kwa watu mara nne, muda wa kummaliza unabaki uleule. Kinachobadilika ni wale wa upanga na mkuki. Anayepigana ni aliye mstari wa mbele, wa nyuma anasubiri. Kikosi cha 160 ukikipanga kwa kina kirefu, wanaopigana ni wachache kulinganisha na waliopo, kwa hiyo pambano la mikono linachukua muda mrefu zaidi. Mishale haikupata nguvu mpya, ila imepata muda zaidi wa kufanya kazi huku askari wako wamemshika adui.

Kuna Mwingereza mmoja, Frederick Lanchester, aliandika hesabu ya namna hii mwaka 1916 akiwaza ndege za vita. Kwa silaha za mbali, ambapo kila mmoja anaweza kumpiga yeyote, nguvu ya jeshi inapanda kwa mraba wa idadi. Kwa mapigano ya mtu na mtu inapanda kwa idadi tu. Ukitaka kuelewa kwa nini wapiga upinde na wapiganaji wa mikono hawaitikii setingi kwa namna moja, anzia hapo.

#13 Meku wa Kibosho
Dada nimekuelewa, lakini macho yangu hayanidanganyi. Wanayeyuka.

#14 Mpiga Pasi
Wanayeyuka kwa sababu wanasimama msongamano. Mshale uliomkosa wa mbele unampata wa nyuma. Kwenye kikosi cha 40 cha mistari miwili, mshale uliokosa unaangukia kwenye nyasi. Hiyo Lanchester wa Dada hakuiweka.

#15 Dada Mishale
Hiyo ni hoja nzuri. Naiongezea hii hapa, ndiyo naiona kubwa kuliko zote: angalieni kinachokua na kisichokua.

Setingi inaongeza watu. Haiongezi upana wa lango. Haiongezi urefu wa mshale kuruka wala kasi ya farasi. Minara ya ukuta inapiga vilevile, uwanja una ukubwa uleule, barabara za mji ni zilezile, na askari anachoka kwa mwendo uleule. Kwa hiyo kila kitu kisichokua kinakuwa kidogo ukipandisha, na kikubwa ukishusha.

Mnara wa ukuta ukiua watu kumi, kwa Chalii amepoteza robo ya hastati, kwa Mangi ni mikwaruzo. Ila Mangi akiingia langoni na vikosi sita vya 160 atapata kile mnachokiona stendi ya Moshi mabasi ya Disemba yakifika: kila mtu anataka kupita na hakuna anayepita. Kwa Chalii lango hilohilo ni barabara kuu. Falanksi (safu nene za mikuki mirefu) mbili za juu kabisa zinafunga barabara ya mji ukuta kwa ukuta. Za ndogo zinaacha upenyo pembeni na farasi anapita.

Na farasi: mstari wa adui ukiwa mrefu mara mbili, kuuzunguka kunachukua muda mara mbili kwa kasi ileile. Wapanda farasi wako wanafika nyuma ya adui tayari katikati kumeshaamuliwa.

#16 Mangi wa Rau
Aisee, hii ya lango ndiyo imenitesa kila nikizingira mji! Kumbe.

#17 Fundi wa Kaloleni
Na uchovu ambao Dada ameugusa, msiupite haraka. Pambano likirefuka, askari wako wa katikati wanafika "wamechoka sana" kabla hakijaeleweka. Ndiyo maana kwenye ukubwa wa juu kikosi cha akiba nyuma kina thamani kubwa. Triarii (wakongwe wa mstari wa nyuma) waliopumzika wakiingia wakati hastati wa pande zote mbili hoi, wanapita. Kwenye ndogo, ukiwaacha triarii nyuma pambano linaisha hujawatumia, ulipoteza pesa.

#18 Mwalimu wa Majengo
Habari za jioni wanajukwaa. Nafundisha historia, na uzi huu umenivuta kwa sababu ya triarii.

Gemu linampa mchezaji hastati 160 na triarii 160. Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa kale, anaeleza lejioni (kitengo kikuu cha jeshi la Kirumi) ya wakati ule hivi: hastati 1,200, principes (mstari wa pili) 1,200, triarii 600 na velites (askari wepesi) 1,200, yaani askari wa miguu 4,200. Waligawanywa kwenye vikosi kumi kumi, hastati 120 kila kikosi na triarii 60. Maana yake triarii walikuwa nusu. Gemu limewafanya wawe sawa, na limewapa Warumi akiba nzito kuliko waliyokuwa nayo.

Hesabu ya pili: jeshi moja kwenye gemu ni vikosi 20. Ishirini mara 160 ni 3,200. Hata ukiweka juu kabisa hujafikisha lejioni moja ya kweli. Baadaye, kohoti, yaani kikosi ndani ya lejioni, ilikuwa na senturia (vikundi) sita za watu 80, yaani 480. Ya kwenye gemu ni theluthi. Kwa hiyo nikiulizwa ukubwa upi uko karibu na historia, nitasema wa juu, na bado uko mbali.

Na hilo la msongamano wa langoni lina mfano wake. Vita vya Cannae, 216 KK, Polybius anawapa Warumi askari wa miguu wapatao 80,000. Hannibal, jenerali wa Carthage, aliwaachia waingie katikati mpaka wakabanana, walio ndani wakakosa nafasi ya kuinua mkono. Wingi wao ndio uliowaua.

#19 Mpiga Pasi
Mwalimu, 80,000 wanahistoria wengine wanaibishia, wanasema ilikuwa chini ya hapo.

#20 Mwalimu wa Majengo
Wapo, ndiyo. Ndiyo maana nikasema Polybius anawapa.

#21 Chalii wa Sakina
Sasa Mwalimu, mimi mwenye 40 nifungiwe? Laptopu yangu ikiona watu elfu sita inaanza kupuliza feni kama inataka kuruka.

#22 Fundi wa Kaloleni
Hapa ndipo penye ofisi yangu. Machalii wengi wanakuja dukani wanataka kadi ya grafiksi ili waweke vikosi vikubwa. Kwa gemu hili la 2004 kadi siyo tatizo, hata ya kawaida inatosha. Kila askari anafanyiwa hesabu: anaenda wapi, anagongana na nani, anampiga nani. Hiyo ni kazi ya prosesa, na gemu la zamani linatumia kiini kimoja tu. Prosesa yenye viini nane vya polepole itashindwa na yenye viini viwili vya kasi. Pande mbili za 3,200 ni watu 6,400 wanaohesabiwa kila sekunde.

Chalii, usafishe vumbi kwenye feni na ubadilishe ile grisi ya joto juu ya prosesa. Ukishamaliza jaribu hastati 80. Usiruke mpaka 160.

#23 Dogo Pasua
Akibadilisha sasa hivi si miji yake itaanza kukauka? Hahaha, Mangi atamfikia.

#24 Dada Mishale
Haiwezekani Dogo. Kampeni ikishaanza, ukubwa umefungwa. Lazima aanze upya. Medieval II nayo hivyohivyo.

#25 Mangi wa Rau
Basi Chalii anza upya, tuone hiyo "akili ya kilimo".

#26 Chalii wa Sakina
Kuanza upya na Galia nzima nimeshaila? Mangi, mbona huniombei mema!

#27 Ndugu wa Ngarenaro
Nimechelewa ila nina la kwangu. Mount & Blade: Warband ina kitu kama hiki, mstari wa "ukubwa wa pambano" kuanzia 30 hadi 150. Kule haiongezi jeshi lako, inaamua wangapi wawe uwanjani kwa wakati mmoja, wengine wanaingia kama nyongeza. Ukiweka chini, wewe mwenyewe na panga lako unakuwa nusu ya vita, unaua ishirini na pambano limeegemea kwako. Ukipandisha wewe ni mmoja kati ya wengi. Bannerlord, gemu lililoifuata, imefika 1,000, na kule shujaa mmoja anapotea kabisa kwenye umati.

Nadhani hata kwa jenerali wa Total War ni hivyo. Kwenye vikosi vidogo walinzi wa jenerali wakivamia kwa nyuma wanamaliza kikosi. Kwenye vikubwa wanakwama ndani.

#28 Meku wa Kibosho
Walinzi wa jenerali nao wanaongezeka, kaka. Hiyo ya Warband usiilete huku.

#29 Ndugu wa Ngarenaro
Wanaongezeka, lakini wanakutana na kina kirefu zaidi. Farasi anasimama kwenye mstari wa tatu, wa nne anamchoma.

#30 Mpwa wa Soweto
Na Age of Empires II je? Kikomo cha watu 200 au 500?

#31 Mpiga Pasi
Hicho ni kikomo cha watu wote, wakulima ndani. Anzisha uzi wake Mpwa, tutakuja.

#32 Mzee wa Kiboriloni
Nyie mnahesabu Warumi, mimi ninachotamani ni modi (gemu lililobadilishwa na wachezaji) ya vita vya kwetu. Lugalo, 17 Agosti 1891. Zelewski, kamanda wa Wajerumani, anatembea na msafara mrefu, mmoja nyuma ya mwingine, Wahehe wamejificha porini. Dakika chache, amekufa yeye na jeshi lake limevunjika. Sasa niambieni, setingi gani ya ukubwa inaweza kuonyesha hilo?

#33 Mwalimu wa Majengo
Mzee, Lugalo inaonyesha kwamba mpangilio unaweza kushinda idadi na silaha. Msafara hauna mstari wa mbele, ni mwembamba kila mahali. Ukifanya vikosi vikubwa msafara unarefuka, na wa nyuma anachelewa zaidi kumsaidia wa mbele. Kwa hiyo ningesema ukubwa wa juu.

Tanga nayo ingekuwa nzuri. Novemba 1914 Waingereza walishuka na watu wapatao 8,000, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama 1,000, na sehemu kubwa aliwapeleka kwa treni kutoka huku kwetu Moshi. Wakashinda hao 1,000.

#34 Chalii wa Sakina
Na Longido ilikuwa siku hizohizo, 3 Novemba. Hapo tu njia ya Namanga. Watu wanapita kila siku kwenda mnadani hawajui.

#35 Mpiga Pasi
Kwa Tanga mimi napinga ukubwa wa juu. Uvamizi kutoka baharini, watu wanashuka kidogo kidogo, kichaka kinene, wanapotezana. Vikosi vidogo vingi ndivyo vinavyoonyesha mkanganyiko. Ukiweka vikubwa vichache, mchezaji anaamrisha vyote kwa urahisi na mkanganyiko unakosekana.

#36 Mzee wa Kiboriloni
Mpiga Pasi hapo umenigusa. Kikomo ni vikosi 20 kwa jeshi, kwa hiyo ukubwa unabadilisha hata idadi ya watu wanaosikia amri moja. Sikuwa nimelitazama hivyo.

#37 Dada Mishale
Kwa wanaotaka kujipimia wenyewe: kwenye folda ya data kuna faili la export_descr_unit, linafunguka kwa programu yoyote ya maandishi. Kila kikosi kina mstari unaoanza na "soldier", na idadi ya msingi iko hapo, mwisho 60. Ukubwa wa juu kabisa unaizidisha mara nne, ndiyo ile 240 ya wakulima wa Mzee. Mtu anaweza kuwashusha triarii wawe nusu ya hastati kama Mwalimu alivyosema. Nakilini faili la asili kwanza mahali pengine.

#38 Meku wa Kibosho
Nimejaribu sasa hivi. Wapiga upinde dhidi ya hastati kwenye pambano la kujitengenezea, ukubwa wa chini halafu wa juu. Wa juu hastati walifika wamepungua zaidi. Dada, mnasemaje?

#39 Dada Mishale
Uliwapanga mistari mingapi? Na ulisimama umbali uleule?

#40 Meku wa Kibosho
Nimewaacha walivyojipanga wenyewe.

#41 Mpiga Pasi
Basi kina kimebadilika. Ni yaleyale ya msongamano niliyosema.

#42 Meku wa Kibosho
Au mishale imepata nguvu kama nilivyosema mimi.

#43 Fundi wa Kaloleni
Meku rudia, mistari minne kote, umbali mmoja, bila kugusa kitu. Na Mangi, hizo Arretium na Ariminum zitupie picha za ukurasa wa mji, tuone asilimia ya uchafu na ya mashamba kabla hatujaendelea kubishana.

#44 Mangi wa Rau
Umeme umekatika huku Rau, nitaweka kesho asubuhi nikitoka shambani.